Kabureta Mbili za Gari la Mzee Opio

Nyumbani kwa marehemu Mzee Opio,
Malaba.
12 Agosti 2025

Mpendwa Baba mdogo Ignatius,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mpakani. Mguu unaendeleaje? Na masikio? Juzi mume wangu Callistus alikupigia simu ukawa unajibu mambo mengine kabisa, ndiyo nikasema wacha niandike, maana macho yako bado ni mazima. Edris wa malori anakuja huko Mombasa, atakupa barua hii mkononi.

Sisi tuko salama. Mathews wetu ameota meno ya chini na sasa anauma kila kitu, hata kidole cha padri. Mihogo imekubali mwaka huu.

Baba mdogo, kinachonisumbua ni lile gari, Datsun ya marehemu ndugu yako. Unajua wifi yangu Amuron anaolewa Angurai Jumamosi ya wiki ijayo. Mama amesema kwa harusi ya binti yake ataenda na gari la mume wake, ama abaki nyumbani. Na hatanii. Callistus naye akamwahidi, tena mbele ya wakwe. Sasa gari lenyewe linawaka, lakini linatetemeka kama mtu wa malaria, na ukikanyaga mafuta linakohoa moshi mweusi. Vile vilima vya Angurai haliwezi.

Fundi wa hapa alifungua boneti, akasema kabureta ziko mbili na hazipumui sawa. Moja inavuta hewa nyingi, nyingine kidogo. Akasema yeye amezoea gari za kabureta moja, akaenda zake.

Hapo ndipo balaa ilianza. Si unajua nyumba yetu iko kando ya barabara? Malori yakipanga foleni ya kuvuka Uganda, madereva wanakaa tu. Wakiona boneti iko juu, wanakuja. Na Callistus, kwa ile heshima ya ukoo wenu ya kutomkatalia mgeni, anampa kiti, anampa chai, halafu anampa na bisibisi! Kila mmoja anazungusha skrubu yake. Mzee mmoja aliniambia, "Mama, mimi nilianza kuendesha kabla uzaliwe. Hapa ni kukaza." Akakaza, foleni ikasonga, akakimbilia lori lake. Mwingine akaja, "Nani alikaza hapa? Alitaka kuwaua?" Akalegeza. Na wote ni watu wa dizeli, Baba mdogo! Malori yao hayana hata kabureta. Nikimwambia Callistus awakataze, ananijibu, "Sasa nimwambie nini mgeni?" Jameni, nimelia kwa hasira.

Kila jioni Mama anaingia kiti cha nyuma na mkoba wake, Callistus anawasha, Mama anasikiliza, anashuka. "Hiyo si sauti ya mzee akija nyumbani." Anarudi jikoni. Hilo ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu halaumu mtu.

Jana nimeificha bisibisi kwa nguo za mtoto. Mama aliwahi kuniambia wewe na marehemu mlikuwa mnatumia kipande cha mpira, mwisho mmoja sikioni, mwingine kwa mdomo wa kabureta. Basi nikakata mpira wa kumwagilia sukuma wiki, nikasikiliza, Mathews mgongoni. Kweli, moja inapiga mluzi kama nyoka aliyekasirika, nyingine inapumua kama mtoto mwenye mafua. Lakini nikigusa moja, nyingine nayo inabadilika! Kuangalia vizuri, kumbe kuna chuma chembamba kinaziunganisha, kama mbuzi wawili kwa kamba moja. Ukivuta huyu, yule anakuja.

Swali langu ni hili tu. Mlikuwa mnalegeza hicho chuma kwanza, ndipo mnarekebisha kila moja peke yake? Callistus anaogopa kukigusa. Anasema tukiharibu, Mama tutamwambia nini? Mpe Edris jibu, atanipigia.

Nisalimie sana Mama mdogo Perpetua na Collins. Mama anakusalimu. Amuron anasema usipokuja atalia mbele ya padri. Mungu akunyoshee mguu na akurudishie masikio.

Ni mimi mkwe wako nikupendaye,
Akiteng, Mama Mathews

N.B. Edris amecheleweshwa kwa forodha, na mimi nimeshindwa kungoja. Asubuhi hii tumelegeza kile chuma. Callistus akizungusha, mimi nikisikiliza, huku kidogo, kule kidogo, mpaka sauti zote mbili zikawa moja, ndipo tukakikaza tena. Dereva fulani alikuja na ushauri wake. Callistus akamwambia, "Mzee, kunywa chai kwanza," halafu akaikalia bisibisi.

Gari likaendelea kunguruma polepole, bila kutetemeka. Mama akatoka jikoni mbio, mikono ina unga, akasimama mlangoni.

Akauliza, "Nani amekuja?"