Mlinzi wa Viungo

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Kwa miaka thelathini na minane nimeficha ukweli kuhusu Mlinzi. Daktari anasema moyo huu hautafika Krismasi. Basi niandike.

Mwaka 1987, pale taasisi yetu ya utafiti mjini Ljubljana, kompyuta ilikuwa na mafaili ndani ya folda, basi. Juu yake nikajenga mfumo wa viungo: unachagua neno katika faili moja, linafunguka jingine. Mafaili yenyewe sikuyagusa. Kila kiungo kilikumbuka tu jina la faili na folda yake. Ugonjwa ulikuwa hapo — wenzangu walibadilisha majina ya mafaili kama soksi! Viungo vikakatika. Nikatangaza nimeandika programu, Mlinzi, inayovirekebisha kabla hatujafika kazini. Nikapewa nishani.

Alhamisi, 6 Novemba
Tjaša, binti anayefanya kazi makumbusho ya kompyuta, amekuja hapa nyumba ya wazee. Wamefufua diski yetu. Mafaili elfu nne, viungo vyote vizima. Mlinzi tu hawamwoni. Aliuliza nilimweka folda gani. Wanataka kumwonyesha kwa wageni Jumanne, siku ya Mtakatifu Martin, sikukuu ya divai mpya. Nikasema kumbukumbu imechoka.

Zofka, zamani mtunza nyaraka wetu, sasa jirani yangu wa chumba, alicheka hadi akamwaga kahawa. Akamwambia binti kwamba kumbukumbu ya Mhandisi, ndivyo anavyoniita, ni kali sana wakati wa kuiba kwenye karata.

Jumapili, 9 Novemba
Kifua kibaya. Zofka kaniletea kipande cha potica, keki ya kuviringishwa, jozi tele ndani. Akauliza kama yule Mlinzi wangu alikuwa mtu wa chai au wa kahawa. Nikageuzia mazungumzo kwenye jozi. Akasema si kitu, amezoea.

Amezoea. Neno hilo limenichoma kuliko kifua.

Jumanne, 11 Novemba
Makumbushoni. Divai mpya, bata bukini, hotuba ndefu. Kompyuta yetu imewashwa. Tjaša amebadilisha jina la faili moja makusudi, kiungo kimekatika, na wageni sitini wanangoja Mlinzi akiunge. Naandika nyuma ya kadi ya mwaliko. Zofka yuko pembeni yangu, koti jekundu, anatafuna polepole.

"Haya, Mhandisi," ananiambia, "si umwite?"

Tjaša ananiletea kipaza sauti. Nitasoma haya hivi hivi yalivyo:

Msitafute tena kwenye diski. Programu ya Mlinzi haikuwahi kuandikwa. Mlinzi alikuwa Zofka — kila siku ya kazi, saa kumi na moja alfajiri, miaka sita, kiungo kimoja kimoja, kwa mkono.