Jicho la Kushoto

Ijumaa, Malaz

Kumbe jicho langu lenye nguvu ni la kushoto, na umri wote huu sikujua.

Leo kaka Nassor kanipeleka klabu ya shabaha nikachague bunduki yangu ya kwanza, ya kulenga mbali. Alishanichagulia mwenyewe, nzito, yenye darubini ndefu. Nimelenga mpaka shingo ikauma, sikupata kitu.

Mwalimu wa klabu, mwanamke wa Jeddah, akaniambia ninyooshee kidole nguzo ya mbali macho yote wazi, kisha nifumbe jicho moja moja. Nilipofumba la kushoto, nguzo ikahama kidoleni; kumbe hilo ndilo linalolenga.

“Yalla, haya, jaribu hii,” akasema, akanipa bunduki ya watu wa kushoto. Risasi ya pili ikatoboa karibu na kati.

Nassor hakukubali. “Lakini huyu anaandika kwa kulia!”

Jioni nikampigia mama kumuuliza.

“Ulipokuwa mdogo ukila kwa kushoto, mwanangu. Bibi yako akakufunga mkono kwa kitambaa mpaka ukaacha.”

Sikumbuki hata kidogo. Nimeshaagiza ya kushoto, Nassor na anune.

Mstari huu nauandika kwa mkono ule. Umepinda, lakini unasomeka.