Nimeshinda, Wamefungwa

Timu ikishinda, wengi wetu hukimbilia kumtafuta mwenye ushindi, kana kwamba ushindi ni begi lililosahaulika kituoni na lazima liwe la mtu mmoja. Kosa hilo limemfikisha mwandishi wa barua ya leo pabaya.

*Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, mimi ni msimamizi katika karakana ya samani na ndiye kocha wa timu yetu ya wafanyakazi, msimu huu nimeshinda mechi sita na wamefungwa mbili tu, sasa tuko fainali kwa mara ya kwanza, lakini badala ya kufurahi hata chakula hakishuki. Kisa ni nusu fainali, siku hiyo mafua yalinikaba koo, sauti ikakauka kabisa, na mimi ni kocha wa kusimama pembeni na kuelekeza kila pasi, basi nikabaki kupunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Mapumzikoni nahodha wetu, fundi wa kusugua mbao tunayemwita Msasa, ambaye ndiye mume wa dada yangu mdogo, akachomoa penseli niliyoichomeka sikioni, akawachorea wenzake nyuma ya boksi la maji, akairudisha sikioni mwangu, wakarudi wakafunga mawili. La pili lilitokana na kona fupi niliyowafundisha mimi miezi mitatu uani, katikati ya marundo ya mbao, ila yeye akaigeuza, akaupeleka mpira upande wa pili, na kusema kweli ningekuwa na sauti ningemkataza.*

*Tangu hapo saa ya chai ni vicheko. "Shemeji, Jumamosi unywe maji ya barafu, tunakuhitaji bila sauti," ananiambia mbele ya watu, na fundi wa rangi anadakia, "Kocha, mafua yakiisha tukutafutie mengine?" Nikamjibu Msasa kwamba timu ni kocha, wachezaji hupatikana popote. Akasema, "Basi Jumamosi panga viti uwanjani vikuchezee." Nikaapa nitamweka benchi. Dada yangu akaja kuniuliza, "Kaka, unamwadhibu kwa kushinda?" Mshauri, ushindi huletwa na nani hasa, kocha au wachezaji, na nikimrudisha si nitakuwa nimejishusha?*

*Kocha Aliyekauka*

Kocha, pole kwa koo. Kwa mengine sikupi pole bado.

Wewe ni mtu wa karakana, hebu niambie: kiti husimama kwa mbao au kwa gundi? Bila mbao, gundi ni uchafu wa vidole. Bila gundi, mbao ni kuni. Swali lako la nani zaidi ni la namna hiyo.

Nimefundisha darasani miaka thelathini na moja, na sikuwahi kumfanyia mwanafunzi mtihani wake. Siku ya mtihani kazi yangu ilikuwa imekwisha. Ama walinielewa ama hawakunielewa. Kazi yako nawe iko uani, kati ya marundo ya mbao. Dakika tisini ni zao. Bila miezi yako mitatu, Msasa asingekuwa na kona ya kugeuza. Bila macho yake, kona hiyo ungeizuia wewe mwenyewe, umekiri. Mwanafunzi anayeligeuza somo akapata jibu ndiye aliyefundishika, na wewe unataka kumkalisha benchi.

Sasa soma tena barua yako. Mechi sita "nimeshinda", mbili "wamefungwa". Kwenye ushindi uko peke yako, kwenye kufungwa umeshawakimbia. Ni silabi moja tu, lakini wachezaji wana masikio, na utani wa saa ya chai nadhani umezaliwa hapo, si kwenye mafua. Msasa naye amevuka mpaka, shemeji hafanywi kichekesho mbele ya watu. Hilo mwambie mkiwa wawili, baada ya fainali. Na usiniulize habari za kujishusha: kuivunja timu kwa sababu ya hasira ndiko kujishusha.

Jumamosi jiruhusu maelekezo mawili tu. Mengine yameze, koo litapona haraka.

Leo, kabla ya kengele ya kutoka, nenda kwenye meza ya Msasa, mpe ile penseli, umwambie: "Shemeji, Jumamosi unaanza. Tukishinda tumeshinda, tukifungwa tumefungwa."