Rudisha Majira ya Baridi Kwenye Katuni Yako

Kibandani, karibu na magofu,
Elefsina.
23 Novemba.

Mpendwa Asimina,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe na mumeo Luc mko wazima huko Montreal, na kwamba theluji haijafika madirishani. Mimi mjomba wako ni mzima isipokuwa goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko televisheni. Mama yako ni mzima pia. Ni mzima kupita kiasi, na ndiyo sababu ya barua hii.

Salamu zimekwisha. Sasa nina hasira, na ningependa uisome ukiwa umekaa.

Ile filamu ya katuni mnayoichora kazini kwenu, uliyotutumia, ya Dimitra, mungu wa kike wa nafaka, na binti yake aliyetekwa na mfalme wa kuzimu, tuliitazama mimi na mama yako hapa kibandani, kati ya magazeti na sigara, simu nimeiegemeza kwenye mtungi wa pipi. Michoro mingine haijatiwa rangi, lakini hatukupotea. Hadithi ni yetu. Kisima alichokalia Dimitra akimlilia mwanawe kiko hapo nyuma ya uzio, na watalii huniuliza njia ya kwendea wakinunua maji.

Mbwa wa kuzimu ana vichwa vitatu na vyote vinaimba. Sawa. Mfalme wa kuzimu analima uyoga na anaona haya mbele ya wasichana. Hilo nalo sawa, wafalme hubadilika. Lakini mwishoni binti anatema punje za komamanga alizolishwa kuzimu, anapanda juu, anamwambia mama yake, "Nimerudi kabisa," wanacheza ndani ya ngano, na filamu inakwisha. Hashuki tena. Majira ya baridi hayapo.

Nilipokuuliza kwa simu ulisema wakubwa wako wanataka watoto watoke ukumbini wakicheka. Watoto wa Elefsina wameambiwa tangu zamani za kale kwamba msichana alizila zile punje, ikambidi ashuke kuzimu kila mwaka, na mama yake akimlilia ndipo baridi huja, na bado walimaliza chakula chao. Nani kakwambia mtoto hawezi kustahimili majira ya baridi? Huko Canada mnawavalisha nini, kaptula?

Hilo ningelimeza. Lakini Dimitra wako umemvika lile gauni la nyumbani la mama yako, la bluu lenye maua, ukampa na ulimi wake. "Umekula? Vaa fulana. Huyo uliyekuwa naye ni wa nani?" Mama yako aliziba mdomo kwa mkono. "Stratis, huyu ni mimi." Mwisho ulipofika hakulia. Aliniomba nirudishe nyuma asikie tena yale maneno. Nimerudi kabisa.

"Ni katuni, Evanthia," nikamwambia.

"Wewe hukuzaa, utajua nini? Kwenye simu kila siku ni tutaona mama, tutaona mama. Kuna neno linamkaa kooni. Sasa kalichora."

Asubuhi yake alipanda juu ya paa. Unazikumbuka zile nondo ambazo marehemu baba yako aliziacha zimesimama kwa ajili ya ghorofa yako, na chupa tupu alizozivika vichwani zisishike kutu. Mama yako kaziondoa chupa zote. Ziko barazani, zimejipanga kama wageni waliofika harusini chakula kimekwisha. Fundi Pandelis ameshaitwa aje kusimamisha nguzo na kumwaga zege. Ili kumlipa, mama yako anauza mizeituni ya babu yako kule Mandra. Mnunuzi alikuja kuitazama akaipiga makofi shinani kana kwamba ni punda.

Juzi ilikuwa sikukuu ya Bikira wa Mbegu. Wanawake walipanda kilimani kanisani na mabakuli yao ya nafaka za kuchemsha kama kila mwaka. Mama yako alikuwa ametia na zabibu na komamanga, na kila aliyenyoosha mkono alimwambia, "Kula, Asimina anarudi."

Fotini, jirani yetu ambaye hajawahi kuacha habari ipite bila kuikagua mfukoni, akauliza, "Anarudi kwa Krismasi?"

"Anarudi kukaa."

"Na Mfaransa wake?"

"Atakula tunachokula."

Ua zima la kanisa likanigeukia mimi, maana wanajua huwa unanipigia. Nikajaza nafaka mdomoni nikatafuna kwa heshima zote.

Nilitafuna kwa sababu wiki ileile ulikuwa umeninong'oneza kwenye simu kwamba mmenunua nyumba huko, na kwamba nisimwambie mama kwanza. Yaani umemwambia mama yako mbele ya ulimwengu mzima kwamba umerudi kabisa, kisha ukaniambia mimi sikioni kwamba hurudi. Ukweli umempa muuza magazeti. Mama yako umempa katuni.

Na usije ukadhani hasira yangu ni ya nyumba. Nunua nyumba. Punje ulizila zamani. Tulilijua hilo siku uliyomleta Luc akamaliza pweza mzima bila kuuliza ni nini. Kinachonichoma ni woga wako. Neno ulilolikosa mbele ya mama yako umewapa watoto usiowajua, tena umeligeuza, na yeye kalidaka akadhani ni lake.

Mimi sikusoma sana, nimesoma vinavyoning'inia kibandani. Lakini nimemtazama mama yako kila vuli. Likizo yako ikiisha ukaondoka Septemba, anafunga mapazia, hapiki, anawajibu watu kwa kichwa. Halafu sikukuu ya Bikira inafika, anachemsha nafaka zake, na tangu hapo anaanza kukungoja. Anapika jamu usiyoila. Anafua shuka ambazo hakuna aliyezilalia. Kukungoja huko ndiko kunakomtoa kitandani. Wewe umefuta kuondoka, na hukuona kwamba kurudi nako kumefutika. Mwaka huu hangoji kitu. Anajenga.

Basi rudisha baridi. Waambie wakubwa wako kwamba mjomba wako amekataa. Mwache msichana ale punje na ashuke, mwache mama afunge mapazia, kuwe na kimya kidogo humo ukumbini, halafu mlango ugongwe. Watoto watacheka, na watajua wanachekea nini.

Lakini kabla ya hayo mpigie mama yako. Litamke neno nyumba kwa mdomo wako. Kisha umtajie mwezi utakaokuja, na mwezi huo uje. Lile neno "tutaona" usilitaje tena. Atakutukana, kwa hiyo shika simu mbali kidogo na sikio. Akimaliza atakuuliza kama nyumba yenyewe ina joto, na hapo utajua mmevuka.

Fanya haraka, maana muda ulio nao nimekuibia mimi. Pandelis ni fundi wa kizamani, hagusi kazi mpya kabla jogoo hajachinjwa juu yake. Mama yako alinunua jogoo mwekundu akamfunga uani. Jana alipokwenda sokoni nilimfungua nikamtia ndani ya koti, na sasa yuko nyuma ya kibanda kati ya makreti ya soda. Mama yako amepita leo kuniuliza kama nimemwona. Nilikuwa sijamaliza kusema hapana, jogoo akawika.

"Ni simu yangu," nikasema.

Alinitazama kwa jicho lile la marehemu bibi yako.

"Basi pokea," akasema. "Huenda ni Asimina."

Nikaiweka simu sikioni mbele yake, haina mtu ndani, nikasema haloo.

Msalimie Luc na wazazi wake. Fotini anakusalimu, na anauliza mengine ambayo sitayaandika. Pandelis anakusalimu pia, ana hasira ya jogoo. Bikira wa Mbegu akufunike wewe na nyumba yako hiyo, iwe na joto.

Mimi mjomba wako, ninayekupenda na ambaye sijatulia bado,

Stratis