Ofisi Zilizokosa Majirani

Njeri wangu,

Hapa Mau Narok tu wazima. Viazi vimetoka vizuri, na mguu wa mama yako umepona. Umeniuliza kwa nini ofisi za jengo lenu ni ghali, ilhali ghorofa za juu yake watu wanaishi na kuanika nguo.

Miaka ya hamsini, mimi na rafiki yangu Chebet tulipanga chumba Nakuru, nyuma ya jengo lenye maduka chini na ofisi juu. Tulipika chai na chapati, makarani wakishuka kula na kupiga soga. Kisha mwenye jengo akatuhamisha sisi wote wa nyuma ili aongeze ofisi. Chebet akaelekea Gilgil kutafuta kazi.

Jengo likapoa. Wapangaji wa ofisi wakahama mmoja mmoja, hata alipopunguza kodi. Akaja kunitafuta mwenyewe.

“Mama, rudini. Bila nyinyi hapakaliki.”

Nilirudi. Ofisi zikajaa, kodi ikapanda. Chebet nilimtafuta hadi Gilgil, nikaambiwa alishahama, hakuna aliyejua wapi. Nilipika pale miaka mingi, na kila mwanamke akicheka uani, nilitoka kutazama.

Majirani zako wa juu, wajue majina.

Shosho, bibi yako