Jina la Mjukuu Wetu kwenye Ukuta wa Jiko

Mke wangu Mama Kabula,

Najua ungeanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Ugali nimeusonga mwenyewe, ukatoka na madonge, kama ugali wa mwanaume yeyote aliyeachwa na mkewe bila kuagwa. Sasa nisikilize, nina habari za mjukuu wako.

Unaukumbuka ukuta wa jiko letu hapa Kiseke. Kabula alipotutumia picha ya mtoto kutoka Korea alikoolewa, ulimwambia kwenye simu, "Mwanangu, nifundishe herufi za huko. Siwezi kuwa na mjukuu nisiyeweza kusoma jina lake." Nilicheka mpaka nikakohoa. Wewe uliyekuwa ukisoma Biblia kwa kidole, mstari mmoja mpaka chai ipoe! Ukaokota mkaa, ukaanza kuchora ukutani vijiti, visanduku na viduara.

"Hizi ni herufi au ramani ya mazizi ya ng'ombe?" nilikuuliza.

"Wewe uliyeishia darasa la nne, tulia. Hiki kisanduku ni mdomo uliofungwa, ndiyo m yao. Haya, funga mdomo nione."

Nikafunga. Ukasema hiyo ndiyo faida ya kwanza ya elimu katika nyumba hii.

Nilijifanya sijifunzi, lakini kila ulipokuwa ukichambua dagaa nilikuwa hapo kwenye kigoda, natazama ukuta. Ukanionyesha ile herufi iliyojipinda kama nyoka anayevuka barabara, ukasema hiyo ni r na ni l pia, hawabagui. Nilitaka kulia, Mama Kabula. Nikizikumbuka fimbo nilizochapwa shuleni kwa kusema "kurara" badala ya "kulala"! Sisi Wasukuma tungezaliwa kule tungekuwa walimu.

Jina lenyewe ndilo lililotutoa jasho. Haneul, maana yake mbingu, alivyotuambia Kabula. Kwa herufi zetu linaandikwa hivyo, ila ukilisoma hivyo umepotea. Wao wanaliandika 하늘, na pale kati kuna kamstari kamelala chali. Sauti yake kwetu haipo. "Vuta midomo pembeni," ulinifundisha, "kama mtu anayemtabasamia mgeni asiyemtaka, halafu sema u. Usichongoe midomo, baba wewe!" Mimi na mapengo yangu nikatoa upepo mtupu. Na mwishoni ulimi unatakiwa ubaki juu, usishuke. Wetu ulishuka. Tuliita Hanulu, tukaita Hanuli, na mtoto kule kwenye kioo cha simu akaendelea kucheza na mwanasesere wake, hageuki.

"Usijali, mama, atazoea," Kabula alisema.

Ukakata simu. Kisha ukaniambia, "Hajanikataa. Hajajua tu kwamba ni yeye anayeitwa." Siku hiyo sikuwa na utani.

Ukaondoka kabla hajageuka.

Siku ya msiba dada yangu Milembe aliingia jikoni kutafuta sufuria, akatoka anapiga kelele. Wanawake wakajaa mlangoni. Viduara vya mkaa ukutani kwa bibi kizee! Unajua watu wa huku wakiona kitu kama hicho wanawaza nini. Nilizoea kukutania kwa macho yako mekundu ya moshi, lakini wakati mwingine nilikutania huku naogopa, maana huku vikongwe wameuawa kwa macho kama hayo, wakiitwa wachawi.

"Kaka, mkeo alikuwa anafanya nini humu?"

"Alikuwa anasoma."

"Anasoma nini?"

"Kikorea."

Ikawa mbaya zaidi. Afadhali ningesema uganga, wangeelewa. Kabla sijasogea, Milembe alikuwa ameshapitisha kitambaa kibichi, amefuta kipande cha kulia. Katika jina la mtoto ikabaki "ha" peke yake. Nikaketi chini, nikauegemea ukuta kwa mgongo na koti langu la msiba, nikakaa hapo mpaka watu wakatawanyika. Mkaa wako uko mgongoni mwa koti hilo mpaka leo. Sijalifua.

Juzi Kabula amekuja na mtoto. Maziko yako hakuyawahi, kwa hiyo akataka kwanza umjue mjukuu wako. Tukapanda kivuko pamoja na Milembe mpaka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, tukaenda nyumbani ulikolala. Utaratibu wetu unaujua. Mjukuu aliyezaliwa mbali hutajwa kaburini na mkubwa wa nyumba, unga wa mtama na maji ukinyunyizwa, na jina litamkwe sawasawa. Likikosewa, aliyelala ameletewa habari za mtoto wa watu wengine.

Milembe alinivuta pembeni. "Kaka, na mapengo hayo utajihangaisha bure. Mpe jina la kwetu, yaishe."

"Wifi yako alikuwa anamtafuta Haneul," nikamwambia. "Nikimpelekea mwingine atanirudisha."

Muda wote tangu uondoke nimekuwa nikijifunza jina hilo mbele ya kioo cha kunyolea. Mbuzi wa jirani wamelishika kabla yangu. Lakini pale kaburini niligundua jambo ambalo hukunifundisha, au ulinifundisha nikawa nakucheka. Jina lile halitamkiki kwa mdomo wa msiba. Midomo ikishuka, sauti inaharibika. Ni lazima uivute pembeni. Machozi yananitoka, mke wangu, na ilinibidi nitabasamu.

"Mama Kabula," nikasema, "mjukuu wako huyu hapa. Anaitwa Haneul."

"Ne," sauti ikajibu nyuma yangu.

Mtoto alikuwa ameinama anaokota vijiwe. Sasa alikuwa amegeuka, ananitazama, anangoja nimwambie nimemwitia nini. Kabula akanieleza kwamba hiyo "ne" kwao ndiyo "abee". Kikorea changu kimeishia kwenye jina lake. Nikamwonyesha kaburi kwa mkono. Akaweka vijiwe chini, akaunganisha miguu, akainama sana, kama walivyomfundisha kuwasalimu wakubwa.

Nikamwitikia kwa niaba yako: marahaba.

Tuliporudi Kiseke aliuona ukuta. Alisimama mbele ya ile "ha" yako, akatuangalia sote kana kwamba tumesahau kumaliza kazi, akaokota mkaa. Milembe alikuwa hapo hapo na kitambaa chake mkononi. Nilijiandaa kwa vita. Akakiweka kitambaa begani, akamsogezea mtoto kigoda apande.

Mwandiko wake ni mbaya kuliko wako, na herufi zinapanda kilima. Lakini jina limetimia.

Pumzika, mwalimu wangu. Mdomo nimeufunga, kama ulivyotaka siku zote.

Mwanafunzi wako mwenye mapengo,
Baba Kabula