Bi Mize Amezima Simu

Ijumaa, 23 Oktoba

Salha kaniamsha alfajiri. Nimemnyonyesha, nimefungua duka. Khamis anapanga sabuni, anapiga simu, anapanga tena zile zile. Mama yake hapatikani tangu juzi.

Ndiyo kawaida ya mkwe wangu, Bi Mize. Kisiwani kwao uchaguzi ukikaribia huzima simu, anasema ina masikio. Lakini uchaguzi uliopita aliizima akiwa tayari hapa Korogwe. Alifunga nyumba yake Pemba, akavuka, akakaa na Khamis mpaka mambo yakapoa. Mara hii alisema hatoki. Amechoka kukimbia kwake.

Na mimi nimechoka. Usingizi tu.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mzee Shekiondo alikuja kununua chumvi na utani wake. "Nyinyi Wapemba mna rais wenu, mna bendera yenu, na huku mna maduka. Sisi kwenu hata kiwanja hatupati." Siku zote Khamis humjibu, "Tanganyika mliimeza wenyewe mzee wangu, sasa mnatuuliza sisi tumbo linawauma nini." Wanacheka. Leo hakujibu. Mzee akauliza polepole, "Mama hajambo?"

Jioni Khamis kasema anamfuata mama yake. Nikakataa. Mtoto hajatimiza miezi miwili.

Akanirudisha kwenye yale ya zamani. Alikuwa hajaanza shule. Kura zikagombewa, watu wakaandamana, risasi zikapigwa. Mama yake akambeba mpaka ufukweni, wakavuka na wengine kwenda Kenya. Mjomba wake hakuonekana tena. Askari walikuwa wanaongea Kiswahili cha bara. Mpaka leo Bi Mize akiisikia lafudhi hiyo nyuma yake hugeuka.

Lafudhi hiyo ndiyo yangu. Na bado aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza.

Nimemfungia Khamis nguo.

Jumapili, 25 Oktoba

Kaenda na boti ya Tanga. Salha analia. Nina hasira na Khamis, nina hasira na kisiwa, nina hasira na sisi wa bara.

Jumatatu, 26 Oktoba

Kapiga. Nyumba ya mama ina kufuli nje. Majirani wote wanasema hawajui. Hata wanaojua hawasemi, watu wameingiwa na woga. Askari wengi barabarani.

Nikamwambia rudi. Akasema, "Mama Salha, kufuli si kaburi. Acha niende kwa ndugu wa Wete."

Namuogopea yeye sasa kuliko mama yake.

Jumatano, 28 Oktoba

Nimepiga kura na mtoto mgongoni. Huku kimya. Wenzangu wanaongelea mahindi.

Namba ya Khamis haiingii. Mitandao haifunguki. Dukani kila mtu ana habari na hakuna aliyeona. Mwanamke mmoja kasema Pemba wamekwisha. Nimempa sabuni yake, nimemwambia aende.

Maziwa yamepungua. Hofu inakausha.

Alhamisi, 29 Oktoba

Nimefunga duka. Nimepanda gari kwenda Handeni kwa mama. Nilitaka kulia mahali ambapo sitaulizwa.

Nimeingia uani. Bi Mize yuko kwenye mkeka, anakuna nazi.

Akasema, "Mbona umekonda hivyo? Nipe mjukuu wangu."

Alivuka Alhamisi iliyopita. Aliona askari wanapita mlangoni, akasema kura amepiga nyingi, mjukuu hajamuona. Aliambiwa mzazi yuko kwao Handeni, hakujua arobaini ilipoisha nilirudi Korogwe. Kafika huku mguu umevimba. Akamkataza mama yangu kupiga simu, eti ina masikio. Na mama akatii. Siku saba. Kwetu mkwe hakataliwi, hata akisema jambo la kijinga.

Nimewagombeza wote wawili. Sijawahi kumpandishia sauti mama. Nikawaambia Khamis yuko Pemba anatafuta mtu ambaye anakuna nazi Handeni. Bi Mize akaweka kifuu chini. Akashika kichwa. Mama akasema, "Mimi niliona ndiyo adabu." Hakuna aliyecheka.

Nimewasamehe? Bado.

Ijumaa, 30 Oktoba

Saa nne, namba nisiyoijua. Khamis. Simu ya mtu wa Wete. Yake ilizima, na huko hawajatoka ndani tangu juzi. Akaanza, "Mama sijampata..." Nikamwambia yuko hapa. Kimya. Nikadhani imekatika. Kisha nikasikia analia, mtu mzima.

Nikampa Bi Mize simu. Aliishika mbali na sikio, kwa vidole viwili. "Rudi mwanangu. Mimi nimo, nakula ugali wa Wazigua, mgumu kama serikali yao." Mama akamjibu kutoka jikoni kwamba wa Pemba ni mwepesi kama serikali yao. Hapo ndipo tumecheka.

Jumatatu, 2 Novemba

Tuko Korogwe wote. Khamis kafika jana, mchafu, macho mekundu. Aliingia akapiga magoti, "Shikamoo mama." Hakumlaumu. Bi Mize naye hakujitetea. Alimpakulia tu, akakaa akamtazama anavyotafuna.

Amekonda. Hana jeraha. Nimemkagua mwenyewe, mikono, mgongo, miguu.

Kuhusu kura hatujaongea. Nani kashinda kule redio imesema, tumeipunguza sauti.

Sasa ni mchana. Khamis amelala chumbani, Salha juu ya kifua chake, bibi yake kajilaza pembeni na kanga usoni. Wateja wanagonga. Nimewajibia dirishani, kesho.